Mgeta, Kisiwa cha Majabali

Watu wanapoitaja Afrika Mashariki kwa nia ya matembezi, aghalabu fikira zao hukimbilia visiwa: Unguja na mashamba yake ya karafuu, Pemba na vilima vyake vya kijani, Mafia na matumbawe yake, Kilwa Kisiwani na magofu ya Msikiti wake Mkuu, na hapana lawama katika shauku hiyo, kwa kuwa visiwa hivyo vimejaaliwa kumpa msafiri mahali pamoja mambo ambayo kwingineko huyapata mbalimbali, nayo ni athari za watu wa kale, maumbile yasiyo na mfano wake bara, na ufuko wa kupumzisha mwili uliochoka. Kiko, hata hivyo, kisiwa kingine kinachosahauliwa mno, kisichozungukwa na bahari bali na nyika kavu za Mkata, Mlali na Kisaki, ambacho msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu ya magharibi hukiona mkono wake wa kushoto akikaribia mji wa Morogoro, vilele vyake vikiwa vimefunikwa na mawingu hata katika miezi ambayo uwanda wa chini umekwisha kuwa wa rangi ya vumbi. Kisiwa hicho ni milima ya Uluguru, na upande wake wa magharibi, uitwao Mgeta, ndio ambao tarikhi yake nataka kuisimulia.

Kuiita milima hii kisiwa si mapambo ya maneno. Wanazuoni wa viumbe hutumia jina hilo kwa sababu ya hakika kabisa. Safu ya milima mikongwe huanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, ikaishia Udzungwa na Mahenge, na tangu katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa mimea Jon Lovett alipoipa safu hiyo jina la Tao la Mashariki, imetambulikana duniani kuwa miongoni mwa hazina kubwa za uhai. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba mvuke huipiga milima hiyo, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua. Na kwa kuwa bahari haikuacha kuwapo, mvua hiyo haikukatika kwa mamilioni ya miaka, hata katika zile zama ndefu za ukame ambapo misitu ya sehemu kubwa ya bara ilinyauka na kugeuka nyika. Kila mlima ukabaki na msitu wake, umetengwa na mwenzake kwa nyanda kavu ambazo chura wa msituni hawezi kuzivuka, wala kinyonga, wala konokono, na viumbe waliofungiwa humo wakaendelea kubadilika kwa njia yao wenyewe, wasichangamane na jamaa zao wa mlima wa pili.

Matokeo yake ni shani. Katika misitu ya Uluguru wamo vyura wadogo wa jamii iitwayo Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto kamili walio hai. Yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Yuko chozi mwenye jina la Loveridge, ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani, na yuko ndege wa jamii ya kipwe ambaye makazi yake karibu yote ni msitu wa kaskazini wa milima hii, kiasi kwamba msitu huo ukitoweka, naye atakuwa karibu kutoweka katika ulimwengu mzima. Mdachi Franz Stuhlmann alifika Uluguru mwaka 1894, akafuatiwa na Walter Goetze miaka michache baadaye, ambaye katika mimea aliyoikusanya ilikuwamo aina ya ua la Saintpaulia iliyopewa jina lake. Jamaa za ua hilo leo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji kila asubuhi hawajui kwamba kwao ni kwenye miamba yenye ukungu ya Usambara na Uluguru. Arthur Loveridge, aliyekuwa na kazi ya wanyamapori katika Tanganyika, alirejea mwaka 1926 kukusanya viumbe vya milima hii kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Majina ya mabwana hao yamebaki katika vitabu na katika ndege na maua. Majina ya Waluguru waliowaonyesha njia, wakawafyekea vichaka na kuwabebea masanduku, aghalabu hayasomeki popote, nami naona kuwa hilo ni deni ambalo historia ya elimu bado haijalilipa.

Njia ya kwenda Mgeta huachana na barabara ya Iringa upande wa Mzumbe, ikapita Mlali penye joto na mashamba ya bondeni, kisha ikaanza kupanda kwa mizunguko iliyochongwa ubavuni mwa jabali, mkono mmoja ukuta wa udongo mwekundu na mkono wa pili bonde lenye kina cha kutisha. Joto hubaki nyuma, hewa hupoa, na msafiri asiyechukua vazi la kujikinga na baridi hujuta. Ndipo hutokea Langali, Bunduki, Nyandira na Tchenzema, na ndipo mtu huona jambo ambalo hakulitarajia: miteremko iliyosimama karibu wima imelimwa yote, tangu ukingo wa kijito hadi mpakani mwa msitu, imegawanywa vishamba vidogo vidogo vya kabichi, njegere, viazi mviringo, karoti, maharage na mahindi, vilivyoshonwa pamoja kama viraka vya nguo moja, na kati yake inapita mifereji midogo ya maji iliyoelekezwa kwa ustadi toka kijito kimoja hadi shamba la pili. Mvua nyingi ya baharini huishia upande wa mashariki wa milima, kule Matombo na Kinole, na Mgeta iliyo nyuma ya vilele hupata sehemu ndogo zaidi. Mkulima wa huku hakuwa na budi kuyashika maji kwa mkono wake na kuyaongoza. Mgeni asiyejua hudhani kuwa amekirimiwa mandhari na maumbile. Ukweli ni kwamba anatazama kazi ya mikono ya watu, iliyofanywa vizazi baada ya vizazi, na hilo ndilo neno ambalo kila anayekwenda Mgeta anapaswa kwenda nalo moyoni.

Watu hao ni Waluguru. Hikaya za koo zao husimulia kuhama kutoka nchi nyingine na kuingia milimani kwa vikundi vidogo vidogo, kila ukoo ukifyeka pori lake, ukalimiliki, na ukazika wafu wake humo, hata ardhi na kaburi vikawa hati moja ya umiliki. Hawakuwa na mfalme mmoja. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi hurithiwa kwa upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa kuliko baba katika mambo mengi ya ukoo, na kila ukoo ulikuwa na mkuu wake mwenye dhamana ya kugawa mashamba, kuamua magomvi na kuongoza matambiko. Mwanamke katika desturi hiyo si mgeni juu ya ardhi. Mara nyingi mume ndiye mgeni, akilima kwa wakweze. Binti aliyevunja ungo alitiwa ndani kuwa mwali, akafundwa, na mti wa mkole ukawa na sehemu yake tukufu katika sherehe za kumkomaza. Na ngoma za kumtoa mwali zilikuwa, na mahali pengi bado ni, siku za kukusanyika kwa koo na kukumbushana nani ni nani kwa nani.

Watu wenye nguvu za kiroho walikuwapo pia, na sifa zao zilivuka mipaka ya milima. Kule Kinole, upande wa mashariki, watawala wenye jina la kurithishana la Kingalu walisifika kwa elimu ya kuleta mvua. Na katika pango la Kolelo, kusini mashariki ya milima, palikuwa na mzimu ambao heshima yake ilifika hadi kwa Wazaramo wa pwani, ambao katika miaka ya ukame walituma watu wao kupanda kwenda kuuomba mvua. Hata katika vita vya Maji Maji mwaka 1905 jina la Kolelo lilinenwa huko uwandani kwa matumaini makubwa. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kuwa watu wa pwani walitambua zamani sana, kabla ya wahandisi na vipimo vyao, kwamba maji yao hutoka Uluguru.

Katika karne ya 19 milima ilikuwa ngome. Nyanda za chini zilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iendayo Bagamoyo, na chini ya milima, mahali ambapo leo ni Morogoro, mtawala Kisabengo alikuwa amejenga mji wenye boma imara, mji ambao msafiri Stanley aliupitia mwaka 1871 ulipokuwa chini ya binti yake Simbamwene. Aliyeishi uwandani aliishi kwa hofu ya kunyakuliwa. Aliyeishi juu, penye baridi na miteremko inayomchosha mshambulizi, alilala usingizi. Hivyo watu wakazidi kupanda, na ardhi ya juu ikazidi kubanwa, na ustadi wa kulima penye mteremko mkali ukazaliwa na dharura. Waluguru walikuwa na desturi ya kulima kwa ngazi ndogo: walikata majani, wakayapanga kwa mistari ya kukingama mteremko, wakayafukia kwa udongo, na majani hayo yakaoza yakawa mbolea ilhali kingo zake zikazuia udongo kuteremka. Hazikuwa ngazi pana za kupendeza machoni pa mhandisi, lakini zilitengenezwa na mtu aliyejua unene wa udongo wake na nguvu za mikono ya nyumba yake.

Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wametia nanga Bagamoyo mwaka 1868, walikwea hadi Matombo mwaka 1897 na baadaye wakafika Mgeta. Pamoja na dini na shule, wageni wa Ulaya walileta mbegu za mboga na miche ya matunda ya nchi za baridi, wakiwa na haja ya chakula walichokizoea kwao, na hali ya hewa ya Mgeta ikaipokea kana kwamba ilikuwa ikiingoja. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo palikuwa na mji wa kula kabichi na viazi, na njia ya kuvipeleka pwani. Si serikali iliyowashurutisha Waluguru kulima mboga. Waliona faida, wakachukua mbegu, wakajaribu, wakaziingiza katika kilimo chao cha mifereji, wakabeba matenga vichwani kwa njia za miguu hadi sokoni, na katika muda wa kizazi kimoja au viwili wakawa hodari kuliko waliowafundisha. Plamsi, mapichi, mapeasi na matunda damu yanayouzwa leo kando ya barabara za Morogoro yana nasaba hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipita Mgeta pia, ingawa wachache wanakumbuka. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia mjini Morogoro, na Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck akawarudisha nyuma askari wake kwa kuizunguka milima, wengine wakipita mashariki na wengine magharibi kwa njia ya Mlali na Mgeta kuelekea Kisaki. Baada ya mapigano ya Kisaki mwezi Septemba, majeshi mawili yalikaa yakitazamana kwa miezi kandokando ya Mto Mgeta, huko chini unakopita uwandani, yakiteswa na mvua, homa na njaa, mpaka Waingereza walipouvuka mwanzoni mwa Januari 1917. Na tarehe 4 ya mwezi huo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri ambaye jina lake lilipewa mbuga kubwa ya kusini, aliuawa Behobeho. Vitabu vya vita humtaja sana yeye. Mwanakijiji ambaye ghala lake lilikombwa na majeshi yote mawili, na kijana aliyechukuliwa kuwa mpagazi asirudi, nao walikuwa katika vita hivyohivyo.

Lakini sura ya tarikhi ya Mgeta na ya Uluguru yote ambayo kwangu mimi ni nzito kuliko zote ni ile ya ngazi za lazima. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza iliingiwa na hofu kwamba milima inamomonyoka, kwamba Mto Ruvu unajaa tope, na kwamba mashamba ya uwandani na Dar es Salaam, mji mkuu wa wakati huo, vitakosa maji. Na hofu hiyo, niseme kwa insafu, haikuwa ya uongo. Ukabuniwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioshika nguvu kuanzia mwaka 1950, na shina lake likawa ni amri: kila mlipa kodi achimbe ngazi pana katika mteremko wake kwa vipimo vilivyowekwa, asichome majani, asilime penye mwinuko uliokatazwa, na atakayekaidi apelekwe barazani akatozwe faini. Aliyeamuru alikuwa na ramani. Hakuuliza ardhi ni ya nani, wala kazi ya kuchimba itaangukia mwezi gani, wala chini ya udongo mweusi wa juu kuna nini.

Chini yake palikuwa na udongo mwekundu usio na rutuba. Mteremko mkali ukichongwa ngazi pana, udongo mzuri wa juu hufukiwa na ule maskini wa chini hupanda juu, na mahindi yaliyopandwa katika ngazi mpya yalitoka manjano na dhaifu. Watu walichimba kwa jasho, wakavuna kidogo kuliko kabla ya kuchimba. Fauka ya hayo, kulikuwa na jambo la mirathi ambalo watawala hawakulielewa: katika nchi ambayo shamba ni la ukoo na wengi hulima kwa kuazimwa, kazi ya kudumu juu ya ardhi, kama vile kupanda miti ya matunda au kujenga ngazi za mawe, huzua dai la umiliki, mwenye shamba huogopa kumruhusu mwazimwa aichimbe, na mwazimwa huona taabu kuitengeneza mali ambayo kesho si yake. Wakuu wa koo, ambao ndio waliokuwa na dhamana juu ya ardhi, walipitwa kando, na wale waliowekwa na serikali kuwa masultani na majumbe wakajikuta wanawatoza faini jamaa zao wenyewe kwa amri za watu wengine.

Ghadhabu ikapanda mwaka hadi mwaka. Mwezi Julai 1955 umati mkubwa ulikusanyika Matombo, upande wa mashariki, kusema kwamba hawazitaki ngazi. Polisi wakatumia silaha, na mtu akauawa kwa risasi. Ndani ya muda mfupi serikali ikaondoa lazima hiyo, na mpango mzima, uliokusudiwa kudumu miaka 10, ukavunjika. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, na watu wa Uluguru walioonja kuwa amri ya dola inaweza kurudishwa nyuma kwa sauti ya wanyonge walikuwa wepesi kuuelewa wito wake. Makala mengi ya kikoloni yaliyoandikwa baada ya hapo yaliwalaumu Waluguru kwa ujinga na kwa kupotoshwa na wachochezi. Nayakana madai hayo kabisa. Ushahidi wa kuyakana uko Mgeta kwenyewe, mbele ya macho ya yeyote atakayepanda kwenda kuutazama: huku, ambako palikuwa na maji ya mfereji, mbolea na mboga zenye bei, ngazi zilionekana kuwa na tija, na wakulima waliendelea kuzitumia na kuzitunza wenyewe baada ya faini kufutwa na mabwana shamba wa kikoloni kuondoka. Wakulima wale wale walikataa ngazi pale zilipowatia hasara na kuzikubali pale zilipowapa riziki, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angefanya vinginevyo.

Wala hofu ya mmomonyoko haikwisha kwa kuondoka Waingereza. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita zipatazo 100 ilinyesha Mgeta katika muda usiotimia saa tatu, na miteremko ikakatika mahali zaidi ya 1,000. Mashamba yakateremka mabondeni pamoja na mazao yake, na vijito vikageuka mito ya tope na mawe. Wataalamu Temple na Rapp walipokwenda kuyachunguza maporomoko hayo na kuyachora katika ramani, walikuta kwamba karibu yote yalianza penye mashamba na penye majani matupu, na kwamba yaliyoanzia penye miti hayakufika hata asilimia moja. Mizizi mirefu ya miti ndiyo iliyoushika udongo. Jambo hili wazee walilijua kwa njia yao, kwani misitu ya vilele na ile midogo ya makaburi na matambiko ilikuwa na miiko, na mtu hakuikata ovyo. Elimu mpya na elimu ya kale zilikutana katika mteremko mmoja, zikasema neno lilelile.

Misitu ya vilele ilikwisha kuwekwa chini ya hifadhi na Wadachi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, mmoja kaskazini na mwingine kusini, na baina yake pakabaki uwazi wa Bunduki, ambao mashamba yaliupanua hata misitu hiyo miwili ikatengana. Mwaka 2008 misitu hiyo, pamoja na sehemu za Bunduki, iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000, kwa nia miongoni mwa nyingine ya kuliziba pengo hilo ili ndege na wanyama wa upande mmoja wawafikie wa upande wa pili. Kazi ya kuotesha tena msitu ni ya polepole mno, na haiwezekani bila ya ridhaa ya vijiji vilivyo mpakani. Aliyesoma habari za mwaka 1955 hahitaji kuambiwa kwa nini.

Na watu wa Mgeta hawakukaa wakingoja. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na wakulima, ambao mashamba yao hayana nafasi ya kuchunga, wakawafuga ndani ya mabanda, wakiwakatia majani kingoni mwa ngazi. Maziwa yakanywewa na watoto, na samadi ikarudi shambani. Wafaransa nao walishirikiana na serikali katika mradi wa mboga na matunda. Mapokeo yalikuwa ni yaleyale ya zama za wamisionari: kilichofaa kilichukuliwa, kikageuzwa kulingana na mahali, na kisichofaa kikaachwa. Siku za mnada, soko la Nyandira hujaa tangu alfajiri, magari ya mizigo yakipakia magunia ya viazi na matenga ya nyanya kwenda Morogoro na Kariakoo, na wafanyabiashara wa Kiluguru wamekuwa na sifa ya zamani katika masoko ya mboga ya Dar es Salaam.

Msafiri aliyezoea visiwa vya bahari atauliza, ufuko uko wapi? Namjibu kwamba uko, ila ni mbali kidogo, na mlima umehusika na habari zake. Mto Mgeta huteremka magharibi, ukaizunguka milima kwa upande wa kusini, ukakutana na Ruvu. Na Ruvu, iliyokwisha kupokea vijito vya Uluguru mashariki na magharibi, humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, ikilisha mikoko na kubeba mchanga. Tangu mwaka 1959 maji ya Ruvu yamekuwa yakivutwa kwenda Dar es Salaam, na leo sehemu kubwa ya jiji hilo huoga, hupika na hunywa maji ya mto huo. Mtalii anayejimwagia maji hotelini baada ya kuogelea baharini huenda anajimwagia ukungu wa Lukwangule, uwanda wa juu ya Tchenzema ulioinuka kupita mita 2,400, ambako maji huanza kama matone katika kuvumwani na mizizi.

Mwenye wasaa wa kuzuru ataona mengi. Yako maporomoko ya Hululu, yanayoanguka kwa kishindo katika msitu wa upande wa Bunduki. Iko njia ya kupanda Lukwangule, ya kutwa nzima na ya kuchosha, inayopita mashamba, kisha msitu wenye miti iliyovaa kuvumwani, kisha uwanda wa majani ambako upepo haukati. Yako makanisa ya zamani na masoko, na wako wazee wenye hadithi za koo zao ambazo bado hazijaandikwa. Vijana wa Morogoro wameanzisha kazi ya kuwaongoza wageni, na wenyeji wa vijijini nao hufanya hivyo, kazi ya heshima inayostahili kuungwa mkono. Lakini ningependa viongozi hao, pamoja na majina ya ndege, wafundishwe pia tarikhi ya ngazi, ili mgeni anapopiga picha ya mteremko aambiwe ni nani waliouchonga, ni nani waliokataa kuuchonga, na kwa sababu zipi. Ningependa vilevile walimu wa shule za wilaya za Mvomero na Morogoro wawatume wanafunzi kwa babu na bibi zao kuandika majina ya waliokuwa Matombo Julai 1955, maana walioshuhudia kwa macho wamebaki wachache, na kila mwaka unapopita hupungua.

Kwa anayetaka kwenda, miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, ndiyo mizuri, kwa kuwa masika huifanya barabara ya mlimani kuwa ya hatari. Achukue nguo za baridi. Kibali cha kuingia msituni akiombe mapema kwa ofisi ya hifadhi iliyoko Morogoro, amchukue kiongozi wa kijijini na kumlipa ujira wa haki, apige hodi kwa viongozi wa kijiji kabla ya kuzunguka, asing'oe mmea wala kushika kiumbe, asikanyage kingo za ngazi, na anaponunua mapichi na njegere barabarani asishindane bei na mama aliyezilima.